Jeraha la Utotoni na Kalamu ya Mwandishi: Mfano wa Ngugi wa Thiong'o

Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu twaifasiri upesi: aliyepatwa na baya huogopa hata kile kinachofanana nalo. Walakini kuna swali ambalo methali haikulijibu. Je, aliyetafunwa akiwa mtoto, kisha akakua akawa mtunzi wa vitabu, huufanyaje ung'ongo ule? Huukimbia, au huuokota akaushonea mkeka?

Katika makala haya tumekusudia kulitazama swali hilo kwa kumchukua mwandishi mmoja ambaye vitabu vyake vimesomwa sana katika shule zetu, naye ni Ngugi wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru, Kenya, tarehe 5 Januari 1938, na kufariki huko Marekani tarehe 28 Mei 2025. Hatukumchagua kwa kuwa aliteswa kuliko watoto wenziwe wa rika lile. La. Wenziwe wengi waliteswa kama yeye na zaidi yake, na hawakuandika hata ukurasa mmoja. Tumemchagua kwa sababu alituachia ushahidi wa namna mbili: riwaya alizozitunga ujanani, na kumbukumbu za maisha yake alizoziandika alipokuwa mzee wa miaka sabini na ushei. Tukiziweka bega kwa bega, twaweza kuona jinsi jeraha la mtoto linavyosafiri hadi likafika kwenye karatasi.

Nyumba ya wake wanne

Baba yake, Thiong'o wa Nducu, alikuwa na wake wanne na watoto wapatao 24. Mama yake Ngugi, Wanjiku, alikuwa mke wa tatu. Katika kumbukumbu alizozitoa mwaka 2010 kwa jina la Dreams in a Time of War, mwandishi anaueleza ua ule kuwa mahali pa hadithi: jioni watoto walikusanyika katika nyumba ya mke mkubwa kusikiliza ngano mbele ya moto. Hapo ndipo alipoonja utamu wa lugha ya Kigikuyu kabla hajaijua kalamu.

Lakini ua huo ulivunjika. Baba alikuwa amenunua ardhi kwa desturi ya Wagikuyu, yaani kwa makubaliano ya mdomo mbele ya mashahidi. Baadaye akatokea mtu mwingine aliyeuziwa ardhi ile ile, naye alikuwa na hati iliyoandikwa. Mahakama ya kikoloni ikaikubali hati na kulikataa neno la mdomo. Baba akabaki kama mpangaji katika shamba alilolihesabu kuwa lake. Mifugo nayo ilipomwishia, hasira ikaingia nyumbani. Mama Wanjiku akapigwa, akarudi kwao kwa baba yake, na muda si muda watoto wake nao wakafukuzwa wamfuate.

Msomaji atuwie radhi kwa kukaa kidogo hapa, kwani jambo hili ni msingi. Kabla mtoto huyu hajaenda shule, alikwisha kujifunza kwamba kilichoandikwa chaweza kukishinda kilichosemwa, hata kama kilichosemwa ndicho cha kweli. Kwake yeye kuandika hakukuanza kuwa burudani. Kulianza kuwa nguvu iliyoshikwa na mwingine.

Mwaka 1947 mama yake alimwuliza kama angependa kwenda shule. Akamweleza wazi kuwa wao ni maskini, na kwamba huenda siku nyingine akakosa chakula cha mchana. Akamtaka ahadi moja tu: asiache shule kwa sababu ya njaa au taabu, na siku zote ajitahidi kadiri ya uwezo wake. Mama huyo hakujua kusoma wala kuandika. Ahadi hiyo Ngugi aliiita mkataba, na aliikumbuka mpaka uzee.

Hali ya Hatari

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Ngugi alikuwa na umri wa miaka 14. Mwaka 1954 kaka yake wa tumbo moja, Wallace Mwangi, alikamatwa, akaponyoka chini ya risasi, akaingia msituni kujiunga na wapiganaji wa Mau Mau. Anasimulia Ngugi kwamba usiku wa kuamkia mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, kaka huyo aliteremka kwa siri kutoka msituni, akaja kumtakia heri, kisha akapotea tena gizani. Mama yao alikamatwa na walinzi wa serikali waliojulikana kama homugadi, akahojiwa na kuteswa kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa msituni.

Kisha kuna Gitogo, ndugu yake wa baba mmoja. Gitogo alikuwa kiziwi. Siku moja ya msako askari waliamuru watu wasimame. Yeye hakusikia amri, akaendelea kukimbia, akapigwa risasi akafa. Kisa hiki twaomba kikumbukwe, kwani tutakirudia.

Mwaka 1955 Ngugi aliingia shule ya Alliance, iliyokuwa miongoni mwa shule chache za sekondari kwa Waafrika nchini Kenya. Alipomaliza muhula wa kwanza, mwezi wa Aprili, alirudi nyumbani na sanduku lake, akasimama mahali pa kijiji chao, asikione kijiji. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, na watu wamehamishwa kwa nguvu hadi Kamiriithu, chini ya macho ya kituo cha homugadi. Siasa hiyo ya kuwakusanya wananchi katika vijiji vilivyolindwa ilikusudiwa kukata msaada wa chakula kwa wapiganaji wa msituni. Kwa serikali lilikuwa ni jambo la mpango wa vita. Kwa mtoto mwenye sanduku mkononi lilikuwa ni kutojua mlango wa mama yake uko wapi.

Shule: kimbilio na kidonda

Wengi wanaoandika juu ya Ngugi hukomea hapo, wakasema: haya basi, vita vilimjeruhi, akaandika juu ya vita. Sisi twaona kwamba hesabu haikutimia. Kuna jeraha la pili, nalo lilitokea darasani.

Kabla ya Hali ya Hatari Ngugi alikuwa amesoma Manguo, moja ya shule zilizoanzishwa na Wagikuyu wenyewe bila ya kutegemea misheni. Baada ya mwaka 1952 shule za namna hiyo zilitiwa mkononi mwa serikali, na Kiingereza kikawa ndicho lugha ya mafunzo. Katika kitabu chake cha Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka 1986, ameeleza yaliyofuata. Mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kigikuyu karibu na shule alichapwa viboko, au alivishwa shingoni kibao cha kumtangaza kuwa ni mjinga au punda. Na wakosaji walipatikanaje? Asubuhi mwanafunzi mmoja alipewa kifungo cha nguo, naye akampa yeyote aliyemsikia akisema lugha ya mama yake, na huyo akampa mwingine, hadi jioni ikajulikana kimepitia mikono ya nani na nani. Watoto wakafunzwa kuwindana.

Tuzingatie basi mgongano huu. Nje ya shule kulikuwa na risasi, msako, na mama aliyekuwa akihojiwa. Ndani ya shule kulikuwa na kitanda, vitabu, na ukuta wa kumkinga. Alliance, chini ya mkuu wake Edward Carey Francis, ilimlinda Ngugi kwa maana halisi ya neno: alipokuwa amevaa sare yake, alikuwa na usalama ambao kaka yake hakuwa nao. Walakini shule hiyo hiyo ndiyo iliyokamilisha kumfunza kwamba lugha aliyosimuliwa ngano jioni haikuwa na nafasi mezani pa elimu. Mkono uliomwokoa ndio huo huo uliomjeruhi. Twadhani hapa ndipo ulipo ufunguo wa maisha yake yote ya uandishi: ilimpasa kuishukuru shule na kuishtaki kwa wakati mmoja.

Hofu ya miaka ile ilipenya hata katika mazungumzo ya watoto. Ngugi anakumbuka alivyobishana na rafiki yake wa shule juu ya kama mtu anahitaji kibali ndipo aandike kitabu. Rafiki alishikilia kuwa mtu akiandika bila ya ruhusa atafungwa. Watoto waliokulia katika nchi ya pasi na vibali wangewazaje vinginevyo? Ngugi alikataa hoja ile. Miaka ilipopita, ikadhihirika kuwa rafiki yake hakukosea sana.

Jeraha katika riwaya

Mwaka 1959 Ngugi alikwenda Makerere, Kampala, katika nchi jirani ambako hapakuwa na Hali ya Hatari. Huko ndiko alikoandika riwaya zake mbili za mwanzo. Si ajabu kwamba aliandika akiwa mbali. Aliye ndani ya moshi hana nafasi ya kuueleza moto. Mwaka 1962, katika mkutano wa waandishi uliofanyika hapo Makerere, alimwonyesha Chinua Achebe muswada wa Weep Not, Child, na kitabu kikachapishwa mwaka 1964.

Ndani ya kitabu hicho yumo mtoto Njoroge, ambaye mama yake anamwuliza mwanzoni kabisa kama angependa kwenda shule. Swali la Wanjiku limetoka katika ua wa Limuru likaingia katika riwaya. Yumo pia baba aliyepoteza ardhi, na kaka aliyekwenda msituni. Mwalimu mwenye haraka atawaambia wanafunzi wake kwamba Njoroge ndiye Ngugi. Sivyo. Njoroge anatolewa shuleni na kupelekwa kituoni kuteswa. Masomo yake yanakatika, na mwishowe anajaribu kujinyonga, mama yake akamfikia kabla hajafanya hivyo. Ngugi hakutolewa shuleni. Alimaliza Alliance, akafika Chuo Kikuu. Yaliyompata Njoroge ni yale ambayo Ngugi aliyaogopa kila siku ya masomo yake, na ambayo yangempata laiti bahati ingegeuka kidogo tu. Kwa hakika mwaka 1959, kabla ya kuingia Makerere, aliteremshwa kutoka ndani ya basi na polisi, akawekwa mahabusu siku kadhaa kabla ya kuachiliwa na mahakama. Pengo kati ya ung'ongo na nyoka lilikuwa dogo hivyo.

Hili twataka lishikwe vizuri na wanafunzi wa fasihi. Jeraha la utotoni haliingii kitabuni kama picha iingiavyo katika fremu. Huja limebadilika: pengine ni hofu ya lililokaribia kutokea, pengine ni deni la aliyenusurika kwa wale wasionusurika.

Ama Gitogo, yeye alipewa mlango wake mwaka 1967, katika A Grain of Wheat. Katika kurasa za mwanzo za riwaya hiyo tunamkuta kijana kiziwi na bubu, mtoto wa mwanamke mzee, anayekimbia kwenda kwa mama yake wakati wa msako. Askari wanamwamuru asimame, hasikii, wanamwua. Mwandishi hakumbadili hata jina. Amemwita Gitogo. Wasomaji wengi walipita hapo bila ya kujua kuwa wamepita juu ya kaburi la ndugu yake mwandishi. Iliwabidi wangoje mpaka mwaka 2010, yaani miaka 43, ndipo mwandishi mwenyewe alipokisimulia kisa hicho kwa nafsi ya kwanza, kama jambo lililompata yeye na jamaa zake.

Kwa nini ichukue miaka 43? Hatuwezi kuingia moyoni mwa marehemu. Lakini kazi zake zatuonyesha utaratibu: kwanza uchungu humkabidhi mtu mwingine jina lake, ukamwacha aseme yeye. Mhusika wa kubuni hubeba mzigo mpaka mwenye mzigo apate nguvu za kuupokea. Wale wanaodharau riwaya wakisema ni uongo mtupu wangefaa kulitafakari jambo hili. Ukweli wa Gitogo ulihifadhiwa na riwaya kwa zaidi ya miongo minne.

Kurudi Kamiriithu

Jeraha la pili, lile la lugha, halikuweza kuponywa kwa mhusika wa kubuni. Lilidai kitendo. Petals of Blood, iliyotoka mwaka 1977, ilikuwa riwaya yake ya mwisho kuitunga kwa Kiingereza. Mwaka huo huo alishirikiana na Ngugi wa Mirii kuandika tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambayo baadaye ilikuja kusomwa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Na ilichezwa wapi? Kamiriithu: kijiji kile kile ambacho watu walisukumwa kukaa kwa nguvu mwaka 1955. Wakulima na wafanyakazi wa hapo walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakacheza wenyewe, na wakayasahihisha maneno ya watunzi pale walipoona Kigikuyu chao hakikukaa sawa. Mwalimu wa Chuo Kikuu akawa mwanafunzi wa wanakijiji.

Tamthilia ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977, na Novemba ikapigwa marufuku. Mwisho wa Desemba Ngugi alikamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila ya kushtakiwa, mpaka Desemba 1978. Utabiri wa yule rafiki wa utotoni ukatimia, tena katika nchi huru. Gerezani, juu ya karatasi za chooni, aliandika riwaya yake ya kwanza kwa Kigikuyu, Caitaani Mutharabaini, iliyochapishwa mwaka 1980 na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Mtoto aliyeona baba yake akishindwa na karatasi, sasa hakukosa karatasi hata pale alipokuwa amenyimwa kila kitu.

Machi 1982 jukwaa la Kamiriithu lilibomolewa na askari wa serikali. Mwaka huo Ngugi alianza maisha ya uhamishoni yaliyochukua miaka 22 kabla hajakanyaga tena ardhi ya Kenya. Mara mbili, basi, katika sehemu ile ile ya Limuru, alishuhudia watu wakibomolewa walichokijenga: mara ya kwanza na mkoloni, mara ya pili na serikali ya wananchi. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Twasema kwamba aliyekwisha kuuona ubomozi wa kwanza akiwa na miaka 17 hakuweza kuutazama wa pili kwa macho ya mgeni.

Mwaka 1986 alitangaza kuwa ataandika kwa Kigikuyu na Kiswahili. Ni haki kuongeza kwamba baadaye, alipokuwa akifundisha Marekani, insha nyingi na kumbukumbu zake zilitoka kwa Kiingereza. Wako waliomlaumu kwa hilo. Sisi twaliona kuwa ni dalili kwamba kovu si ngozi mpya. Mtu aweza kuamua, akaamua kwa dhati, na bado kidonda kikabaki na njia zake.

Funzo kwetu walimu

Tungeishia hapo kama habari hii ingekuwa ya Ngugi peke yake. Lakini gazeti hili lasomwa na walimu, tena walimu wa nchi ambazo watoto wake wameona vita: kaskazini ya Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo. Watoto hao, na watoto wa watoto hao, wanakaa mbele yetu madarasani.

Kila mwaka twawapa wanafunzi insha yenye kichwa "Siku Nisiyoweza Kuisahau". Twategemea tusome habari za harusi, za safari ya mjini, za timu iliyoshinda kombe. Kisha hutokea daftari moja ambalo ndani yake mna Gitogo. Mara ngapi tumelifungua daftari kama hilo, tukapiga mstari mwekundu chini ya upatanisho wa ngeli uliokosewa, tukaandika alama saba juu ya ishirini, tukalifunga? Hatusemi sarufi iachwe. Kazi yetu ni lugha, na mtoto aliyenyimwa sarufi amenyimwa silaha. Twasema tu kwamba insha kama hiyo isomwe mara mbili: mara ya kwanza kama msomaji, mara ya pili kama msahihishaji. Na asilazimishwe mtoto kusema "mimi" kabla ya wakati wake. Mwacheni atunge hadithi ya mtoto mwingine, wa kijiji kingine. Tumeona kwamba njia hiyo ni ya heshima, na kwamba mwandishi mkubwa aliihitaji kwa miaka 43.

La mwisho latugusa sisi wenyewe. Tumelaani kibao cha shingoni, na tumefanya vyema. Lakini je, hatujapata kumcheka mtoto darasani kwa sababu Kiswahili chake kina lafudhi ya Kiluganda, ya Kirundi au ya Kiacholi? Hatujapata kumtoza faini aliyesema lugha ya kwao siku ya Kiswahili? Katika Uganda wapo wazee wengi waliokisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari, usiku, mlangoni. Kwao lugha hii tunayoipenda ndiyo ung'ongo wenyewe, na wajukuu wao wamerithi kule kushtuka. Hatutaweza kuwapa Kiswahili kwa kuwavisha aibu. Tutawapa kama vile yule mke mkubwa wa Thiong'o alivyowapa watoto Kigikuyu: jioni, mbele ya moto, kwa hadithi nzuri, na mlango ukiwa wazi kwa kila mtoto wa ua.